Raudha Haogopi, Vipimo Vimesema

Watu wakimsifu Mwalimu Hemedi siku hizi, mimi huwa nacheka kwanza. Si kwa ubaya. Nacheka kwa sababu nilikuwepo siku anapewa kazi ya ushauri nasaha, na hakupewa kwa kipaji wala kwa huruma yake. Alikuwa ameenda kwao Mlandizi kumzika mjomba wake, kikao kikakaa bila yeye, na kwenye shule yetu ukikosa kikao unarudi unakuta una cheo. Mkuu wa shule, Mwalimu Gregori, aliuliza nani atakuwa anawasikiliza wanafunzi wenye matatizo. Kila mwalimu akaangalia viatu vyake, na mimi nilikuwa wa kwanza kuangalia vyangu. Hemedi akarudi kutoka msibani, akakuta jina lake limebandikwa ukutani.

Yeye ni mwalimu wa hesabu. Mwembamba, mpole kupita kiasi, anaongea chini chini mpaka unatamani kumtikisa. Mimi nafundisha Kiswahili, wanafunzi wananiita Madam Naila, na sauti yangu inafika barabarani. Tulikuwa tunakaa meza moja ofisini, ndiyo maana haya yote nayajua. Shule yetu ni ya kata, huku Kisarawe ndani, ukishaipita Kibuta.

Sasa, Raudha. Alikuwa kidato cha nne, binti wa Mzee Bilali mwenye shamba la machungwa na mihogo. Darasani mtoto huyu hakamatiki. Ukiuliza swali, mkono wake uko juu kabla hujamaliza. Lakini ilipokuja mitihani ya majaribio ya mkoa, ile tunayoiita moku, msimamizi akasema geuzeni karatasi, Raudha akageuza, akaitazama, akalaza kichwa mezani. Aliirudisha nyeupe, ina namba yake tu. Akatoka nje, akafika katikati ya uwanja, akaanguka huku anatetemeka na kupiga kelele. Somo lililofuata, hivyo hivyo.

Mzee Bilali aliitwa. Si mtu wa kupayuka. Alikaa ofisini kwetu, kofia mkononi, akasema kwa utulivu, "Mwanangu ana watu."

Huku kwetu ukisema mtu ana watu, kila mmoja anajua unasema mashetani. Akaendelea, "Nampeleka kwa fundi wa mambo hayo, kijijini Chole. Matengenezo yanataka akae ndani siku kadhaa asitoke. Fundi amepanga mwezi wa kumi na moja."

"Mwezi wa kumi na moja ndio mtihani wa taifa, mzee," Hemedi akasema.

"Mtihani upo kila mwaka, mwalimu. Binti ninaye huyu mmoja."

Utambishia nini mzazi anayesema hivyo? Hemedi alikunja na kukunjua vidole vyake, halafu akasema, "Mzee Bilali, huenda ni woga wa mtihani tu. Nipe nafasi."

"Woga unamwangusha mtu chini?"

"Unamwangusha."

"Haya, nionyeshe huo woga," Mzee Bilali akasema, akavaa kofia yake na kuondoka.

Utadhani Mungu alisikia. Juma lile lile akatokea kijana mmoja kutoka Kibaha, anaitwa Didas, mtafiti, anamalizia shahada yake ya pili. Ana miwani, ana adabu, na ana bahasha ya madodoso ya kupima kiwango cha woga wa mtihani kwa wanafunzi. Karatasi ina sentensi, kwa mfano "Nikikaa kwenye mtihani moyo hunidunda," na mwanafunzi anachagua: kamwe, mara chache, mara nyingi, kila mara. Ukijumlisha unapata woga hafifu, wa wastani au mkali. Shule zenye woga mkali zingeletewa mnasihi kutoka Kibaha, mtu aliyesomea kazi hiyo. Didas alikuwa na shule nyingi za kuzungukia, akamwachia Hemedi karatasi asimamie mwenyewe.

Hemedi alifurahi mpaka akaimba. Mimi sikuwahi kumsikia akiimba. "Naila," akaniambia, "Mzee Bilali alisema nimwonyeshe. Sasa nitamwonyesha kwa namba."

Jamani, mtu akishakuwa mwalimu wa hesabu hana dawa. Alifanya kama anavyofanya siku zote ikija karatasi ya kujaza. Alipanga madawati kwa umbali, kila moja na namba yake. Mabegi nje. Hakuna kuongea. Akaandika muda ubaoni, akawa anapita katikati ya mistari, mikono mgongoni, na mwishoni akatangaza, "Kalamu chini!" Nilipita dirishani nikamwona Raudha ameinama, anajaza kwa penseli kwanza, halafu anapitishia kalamu. Nikasema moyoni, mtoto makini huyu.

Nilichokuwa sikijui ni maneno yaliyopita kwenye masomo ya jioni ya siku iliyotangulia. Salehe, kiranja wa kidato cha nne, alikuwa amewaambia wenzake, "Oyaa, msizingue kesho. Ukikutwa na presha wanakukata, unafanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Wanaogopa utawashushia wastani." Hakuna aliyemtuma. Uvumi huo aliutoa kichwani mwake, na ukaaminiwa kuliko tangazo la mkuu.

Majibu yaliporudi, Mwalimu Gregori alinunua soda za walimu wote. Shule yetu ilikuwa imetulia kuliko zote alizopima Didas. Woga hafifu, darasa zima! Akasema ni matunda ya nidhamu. Mimi nikanywa soda yangu, sikukataa. Hemedi hakunywa. Alikuwa anaitazama karatasi moja tu, na nilipochungulia nikaona ni ya Raudha. Kila sentensi amejibu kamwe. Mtoto aliyeanguka uwanjani mbele ya shule nzima ndiye aliyekuwa haogopi kuliko wote.

"Nyamaza nayo," nikamwambia. "Usimwonyeshe baba yake."

"Nilimwahidi."

"We Hemedi, una akili kweli? Ahadi gani hiyo ya kumchinja mtoto?"

Akaenda. Haki ya Mungu, akaenda na karatasi mpaka shambani, akamsomea Mzee Bilali mstari kwa mstari. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akamshukuru sana, akamfungia na machungwa. "Umenisaidia, mwalimu," akasema. "Nilikuwa na wasiwasi namsingizia mtoto. Kumbe vipimo vya Kibaha vimesema haogopi. Basi kama si woga, ni watu." Hemedi alirudi ofisini na yale machungwa, akayaweka mezani na hakuweza kumenya hata moja. Nilitaka kumpiga na rula ya ubaoni. Nikaona macho yake, nikaiacha.

Ikafika siku ya dua. Kila mwaka kabla ya mtihani wa taifa wazazi hukusanyika shuleni kuwaombea watahiniwa. Ubani unafukizwa, pilau linapikwa, na maalimu anaandaa kombe: aya zinaandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zinaoshwa kwa marashi, na yale maji ya manjano wanakunywa watoto, mmoja mmoja, kwa kikombe kidogo. Watoto wa Kikristo wana ibada yao, nao hukaa nyuma wakisubiri pilau.

Watahiniwa walipanga foleni. Mwanamvua akanywa, Yasmin akanywa, Salehe akanywa na kulamba midomo, maalimu akamkata jicho. Ikafika zamu ya Raudha. Akapokea kikombe kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, na mikono ile ikaanza kutetemeka. Maji yakamwagikia kidevuni, yakamwagikia shingoni, yakamwagikia kifuani. Hakuna tone lililoingia kinywani. Shati lake jeupe likawa na doa la manjano kutoka kola mpaka kiunoni.

Mama mmoja akasema, "Yarabi, wamelikataa kombe!"

Mzee Bilali alisimama. Hakupiga kelele, lakini uso wake ulikuwa umekwisha. Akamshika binti yake mkono. "Twende nyumbani. Nimeona, na nyote mmeona."

Na hapo ndipo yule mtu mpole alinishangaza. Hemedi alikwenda akasimama mbele yao, njia nzima akaiziba, na akaongea kwa sauti ambayo sijui alikuwa ameificha wapi. "Raudha! Kwenye ile karatasi yangu, kwa nini uliandika huogopi?"

Raudha akaangalia chini. "Si mlitufundisha, mwalimu? Soma swali, jua mtahini anataka nini, mpe. Nikaona jibu linalotakiwa ni kamwe."

"Ilikuwa kweli?"

"Hapana, mwalimu." Akaanza kulia. "Naogopa mpaka masikio yanaziba. Naona maandishi lakini hayasomeki. Na niliambiwa nikisema kweli nitakatwa."

Mimi nilikuwa nimeshika sahani ya pilau. Niliiweka chini. Salehe naye alikuwa amejificha nyuma ya sufuria, na nikaapa nitamshughulikia.

Mzee Bilali alimtazama binti yake muda mrefu. "Anaweza kuwa anasema yeye," akasema, "na wanaweza kuwa wanasema wao. Mimi nitajuaje?" Akafikiri. "Nitafanya hivi. Asubuhi ya mtihani nitakuja mwenyewe, na nguo zake nimezifunga. Mikono ikiwa imetulia, aingie. Ikitetemeka kama leo, nampakia kwenye pikipiki, tunakwenda Chole. Na wewe mwalimu usinizibie njia tena."

"Sitaziba, mzee," Hemedi akasema.

Kesho yake tulikwenda Kibaha. Mimi nilikuwa na barua yangu ya uhamisho ya kufuatilia, yeye alikuwa anamfuata Didas amwombe mnasihi. Tulimkuta kwenye kiofisi chake, kompyuta wazi, meza haina vumbi. Alimsikiliza Hemedi vizuri, halafu akauliza, "Mwalimu, ulisimamia vipi zoezi lile?"

Hemedi akaeleza. Madawati kwa umbali. Namba. Muda ubaoni. Kalamu chini. Kadiri alivyoeleza ndivyo sauti ilivyopungua, mpaka ikakatika kabisa.

Didas akavua miwani. "Uliwapa mtihani," akasema, "wa kuwauliza kama wanaogopa mtihani."

Sikucheka. Nilitaka kucheka, lakini Hemedi alikuwa amejiinamia na mikono kichwani.

"Kosa ni langu pia," Didas akasema, "sikupaswa kukuachia. Ningesema kaa nao chini ya mti, ongeeni, wasiandike hata jina. Lakini mnasihi ameshapangiwa shule nyingine mpaka mwisho wa muhula. Sina wa kukupa."

"Hata kwa mtoto mmoja?" nikamvaa. "Huyo mnasihi wako hana siku moja? Hajui njia ya Kisarawe?"

"Madam, ningekuwa naye ningempandisha gari sasa hivi." Alisema kwa kweli, nikashindwa kumgombeza. Akamgeukia Hemedi. "Usimwambie asiogope. Mzoeshe. Mpe kile kile anachokiogopa, kidogo kidogo, kila siku kiasi cha kukiweza. Na utafute namna aone mwenyewe kama unapungua."

Tulipokaribia Kibuta, tukirudi, Hemedi akasema, "Kikombe."

"Kikombe gani?"

"Mikono yake ilisema kweli, karatasi ilisema uongo. Basi nitapima mikono."

Kuanzia jioni iliyofuata, masomo yakiisha, Raudha alikuwa anachota maji kwenye tangi la mvua, kikombe cha bati, anajaza mpaka ukingoni, anatembea nacho mpaka darasani, anakiweka mezani. Halafu anakaa na kujibu swali moja tu. Mwanzo kikombe kilifika nusu, sketi imelowa. Hemedi hakumwambia tulia wala hakumwambia usiogope. Alichungulia tu ndani ya kikombe, akasema, "Leo woga wako umekunywa nusu. Tuone kesho utakunywa kiasi gani." Raudha akacheka kidogo, na mimi sikuwa nimemwona akicheka tangu moku.

Siku zikaenda, maji yakawa yanabaki. Hemedi akaongeza madawati kwa umbali. Akaongeza namba. Halafu akataka msimamizi mgeni, mkali, na kazi hiyo nikapewa mimi, ati nina sura yake. Nikaikubali, maana nikikasirika nakasirika vizuri. Niliingia darasani, nikabamiza mlango, nikasema kwa sauti yangu yote, "Geuzeni karatasi!" Raudha alikuwa ndiyo kwanza anafika na kikombe. Kilimtoka mkononi, kikabingirika mpaka ukutani, na yeye akachuchumaa akaziba masikio.

Niliumia sana siku ile. Niliona nimeharibu kila kitu kwa mdomo wangu. Hemedi akaokota kikombe, akampa. "Kachote kingine," akamwambia. Raudha akatikisa kichwa. Hemedi akakaa sakafuni karibu naye, suruali yake safi kwenye yale maji, akasubiri. Jua lilikuwa linazama alipoinuka na kwenda tangini. Aliporudi nikasema tena geuzeni karatasi, kwa sauti ile ile, kwa sababu Hemedi alinikataza kuipunguza. Maji yalitikisika, hayakumwagika yote.

Asubuhi ya mtihani wa taifa shule haikuwa yetu. Wasimamizi walikuwa wageni, askari alikuwa mlangoni na bunduki yake, na sisi walimu tuliambiwa tusisogelee vyumba vya mtihani. Tukakaa kwenye benchi karibu na jiko. Mzee Bilali akafika na pikipiki, mfuko wa nguo umefungwa nyuma kwa mpira. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, akasimama bila kukaa.

Raudha alikuja na shati lile lile. Doa la zafarani lilikuwa limefifia, halikutoka. "Shikamoo baba."

"Marahaba. Nionyeshe mikono."

"Ngoja, baba." Akaenda tangini, akachota kikombe, akajaza mpaka ukingoni. Akaanza kutembea. Sote tulikuwa tunaangalia kikombe kile, hata mpishi alikuwa ameacha kukoroga uji. Nilikuwa naona mikono yake inatetemeka, na nilijua Mzee Bilali anaona. Tone likadondoka. Likadondoka jingine. Akafika mbele ya baba yake, kikombe kimejaa.

"Unatetemeka," Mzee Bilali akasema.

"Naogopa, baba. Naogopa sana. Lakini ni mimi, si mtu mwingine, na nitaingia nikiwa naogopa hivi hivi."

Kengele ya kwanza ikagongwa. Raudha akageuka akampa Hemedi kikombe. "Kunywa, mwalimu, midomo imekukauka."

Hemedi akapokea kwa mikono miwili. Wallahi, sijawahi kuona. Kikombe kilicheza mikononi mwake, maji yakamrukia usoni, yakamwagikia tai, yakamlowesha shati mpaka mkanda. Halikuingia kinywani hata tone moja.

Mzee Bilali akamtazama mwalimu aliyelowa, akamtazama binti yake. "Kumbe mwenye watu ni mwalimu," akasema.

Raudha akaangua kicheko mpaka akashika tumbo, na kengele ya pili ikamkuta anacheka. Akakimbia kwenda kwenye foleni, akaitwa namba yake, akaitika, akaingia.

Mzee Bilali hatimaye alikaa, yeye na Hemedi benchi moja. Mimi nilikuwa nazunguka jiko kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kila kiti kilipokwaruza sakafu ndani kule, sote watatu tuligeuza shingo. Katikati ya muda msimamizi akatoka mlangoni haraka haraka, akaingia chumba cha pili. Mzee Bilali aliinuka akaifikia pikipiki yake, mkono kwenye mfuko wa nguo. Hemedi alifumba macho. Msimamizi akarudi na karatasi mkononi, akaingia, mlango ukafungwa. Hatukuelewa. Mzee alibaki amesimama pale pale kwenye pikipiki.

Mtihani ulipokwisha walitoka Salehe, Yasmin, Mwanamvua, wote. Raudha alitoka mwisho, anatembea kwa miguu yake mwenyewe, kidole kina wino. Alipita uwanjani, pale pale alipoangukia, akaja mpaka kwa baba yake.

"Umeandika?" Mzee Bilali akauliza.

"Karatasi ziliniishia, baba. Nikanyoosha mkono, nikaomba nyingine."

Mzee Bilali aligeukia pikipiki, akaanza kufungua ule mpira uliofunga mfuko wa nguo, na mikono yake ikawa inatetemeka mpaka Hemedi akamsaidia.